Umekuta waya au bomba chini ya kiwanja: dalili, chanzo na la kufanya

Mtu akigonga kitu ardhini anapochimba msingi au shimo la choo, swali linalomtoka kwanza ni "Hiki ni nini?" Swali linalookoa maisha na pesa ni jingine: ni cha nani? Waya unaotoka kwenye mita yako ya Yaka (ya umeme wa kulipia kabla) kuja nyumbani ni wako, na fundi wa umeme mwenye leseni anaweza kuushughulikia leo hii. Waya wa UEDCL, shirika la kusambaza umeme hapa Uganda, uliopita katikati ya bustani yako ya dodo (mchicha) si wako, hata kama kiwanja ni chenu tangu enzi za babu. Kwa maji ni hivyo hivyo: kwa kawaida mita ndiyo mpaka. Kilicho kabla ya mita ni cha shirika, kilicho baada ya mita ni cha mteja.

Na mteja huyo si lazima awe wewe. Mitaa yetu mingi ilijengwa kabla mabomba makubwa hayajafika, kwa hiyo kila mwenye nyumba alivuta kibomba chake kutoka mbali, kikapita kwa huyu na kwa yule. Leo kiwanja kimoja cha Kyebando au Namuwongo, hapa Kampala, kinaweza kubeba vibomba vya nyumba kadhaa, na wenyewe wengine walishahama. Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini naanza na namna ya kumjua mwenye kitu, kisha tiba.

Beleshi limegonga kitu

Simama hapo hapo. Usipige tena ili usikie kama ni jiwe au chuma. Toa watu mtaroni, kisha tazama ukiwa juu.

Mara nyingi udongo unakuwa umeshatoa habari kabla ya beleshi kugonga. Udongo wa maeneo mengi ya Buganda ni mwekundu na mgumu. Ukishuka kama nusu mita ukakuta mchanga mweupe wa ziwa, ule tunaoununua kwa lori, jua kwamba haukufika hapo wenyewe. Kuna mtu aliulipia akaumwaga ili alalishe kebo au bomba. Nilimwona kijana mmoja huko Bombo akichimba shimo la septiki. Mchanga huo ulipoonekana kwenye beleshi aliweka mtaimbo pembeni, akapiga magoti, akaanza kuuondoa kwa kiganja. Chini yake zilikuwa tofali za kuchoma zimelazwa bapa, moja baada ya nyingine, bila saruji. Chini ya tofali ilikuwa kebo nyeusi, nene kama kifundo cha mkono. Angeendelea na mtaimbo, ncha yake ingepita katikati ya tofali mbili.

Tofali zile ndizo onyo lenyewe. Mafundi wa zamani walipanga tofali au vigae vya zege juu ya kebo ya umeme ili mchimbaji akutane navyo kwanza. Siku hizi hutandazwa utepe wa plastiki wa njano au mwekundu wenye maandishi ya hatari. Ukikuta vipande vya utepe vimechanganyika na udongo, usidhani ni takataka za ujenzi. Huenda mtu alichimba hapo kabla yako na hakurudisha vitu mahali pake, kwa hiyo kebo iko karibu na sasa haina onyo juu yake.

Rangi husaidia, ila usizitegemee peke yake. Bomba jeusi la plastiki lenye mistari ya buluu ni la maji safi. La kijivu, au la hudhurungi inayokaribia rangi ya chungwa, lenye upana wa sentimita 10 au zaidi, kwa kawaida ni la maji taka. Kimrija chembamba cha chungwa au cheusi, chenye waya laini ndani, huwa ni nyuzi za intaneti. Bomba la chuma lenye kutu ndilo linaloua watu. Linaweza kuwa la maji ya zamani, lakini pia linaweza kuwa ganda la kinga ambamo kebo ya umeme imepitishwa. Usiliwekee msumeno kwa sababu tu halivuji. Katika kota za zamani za reli na za serikali unaweza pia kukuta bomba gumu la kijivu linalofanana na saruji. Hilo huenda lina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni hudhuru kwa miaka mingi, kwa hiyo halikatwi wala halisuguliwi.

Kebo iliyokatika, iliyozibwa au inayoonekana kuukuu ihesabu kuwa ina umeme mpaka wenyewe wathibitishe vinginevyo. Testa ya bisibisi haitoshi. Testa ikigusa ganda la nje haiwaki hata kama ndani kuna volti 11,000.

Watu huniuliza kina. Kebo ya kawaida ya nyumba inapaswa kulala kama nusu mita chini, na zile za volti 11,000 karibu mita moja. Lakini vilima vyetu havitulii. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba huosha udongo, greda hushusha barabara, jirani hukata mteremko apate eneo la kuegesha gari. Kebo iliyozikwa vizuri zamani kwenye mteremko wa Muyenga leo inaweza kuwa chini ya majani tu.

Kama kebo imeshakatwa

Aliye mtaroni aachie beleshi, atoke bila kushika kuta za mtaro, akitembea kwa kuburuta nyayo huku zikiwa zimekaribiana. Hatua ndefu kwenye ardhi yenye umeme huufanya umeme upande mguu mmoja na kushuka kwa mwingine. Watu wote wakae umbali wa mita 10 au zaidi. Aliyenaswa asivutwe kwa mikono mpaka umeme uzimwe, kwani mwokoaji hunaswa pia. Kama ni mashine ya kuchimba, dereva abaki kwenye kiti chake. Ikishika moto na lazima atoke, aruke miguu ikiwa pamoja, bila kugusa mashine na ardhi kwa wakati mmoja. Moto huo haumwagiwi maji.

Pigia UEDCL, na kama kuna majeruhi piga 999 au 112. UEDCL ndiyo iliyopokea usambazaji wa umeme kutoka Umeme mkataba wake ulipokwisha mwisho wa Machi 2025, kwa hiyo kama simu yako bado ina namba za zamani tu, pata namba mpya ya dharura kabla ya siku ya kuihitaji. Kebo ikinyamaza baada ya kutoa cheche, usirudi. Baadhi ya vifaa vya njia ya umeme huurudisha umeme vyenyewe baada ya muda mfupi.

Bomba la maji likipasuka hatari yake huwa ndogo, ila mtaro ukijaa maji kuta zake hubomoka. Toa watu kwanza, halafu ndiyo utafute valvu.

Mfereji (koki) wa chuma, ukuta au ardhi yenye maji inakushtua kidogo

Dalili hii inapuuzwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kukunyima usingizi. Mama anafua nje, anashika mfereji, anahisi kama mkono unawashwa. Mvua ikikauka hali inaisha, watu wanasahau. Maana yake ni kwamba kuna umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na mwili wa mtu umekuwa mojawapo ya njia hizo.

Vaa viatu vikavu vya raba, zima swichi kubwa ya nyumba, kisha zuia watoto na mifugo. Mbuzi na ng'ombe huathirika haraka kuliko sisi, kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana na njia ya umeme hupita kifuani. Usirudie kugusa ili kupima. Fundi aje na mita, apime kati ya bomba na ardhi, swichi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Umeme ukitoweka baada ya kuzima, chanzo ni chako: waya wa chini unaokwenda banda la nje au pampu umechubuka, au waya wa arthi, ule unaopeleka umeme ardhini, umekatika. Ukibaki, unatoka kabla ya swichi hiyo. Inaweza kuwa kebo yako kati ya mita na swichi, kebo ya shirika, au waya wa jirani uliozikwa bila ganda. Hapo ni kuwaita UEDCL na kumwambia mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) ili wanaochota maji karibu waonywe.

Waya wa jirani uliozikwa juu juu ni jambo la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri. Kamyufu, yaani fundi wa umeme asiye na leseni, huchukua waya wa kawaida wa ndani ya nyumba, hufukia kwa jembe kina cha vidole vichache, na kazi imekwisha. Waya ule haukutengenezwa kukaa kwenye unyevu. Mchwa hula ganda lake, na mvua hufanya yaliyobaki.

Uniti za Yaka zinaisha na hakuna kilichowashwa

Zima vifaa vyote, halafu mtu mmoja asimame kwenye mita yenyewe, hata kama iko juu ya nguzo, aangalie taa yake ndogo. Inapopepesa, umeme unapita. Sasa zima swichi kubwa. Taa ikiacha kupepesa, tatizo liko upande wa nyumba. Washa breka moja moja mpaka ile yenye kosa ijitaje. Mara nyingi huwa ni ya taa za ua au ya nyumba ya wapangaji, ambako waya umepita chini.

Taa ikiendelea kupepesa huku swichi kubwa imezimwa, umeme unapotelea kati ya mita na swichi. Ama kebo yako imeingia maji inavuja ardhini, ama mtu ameiunganisha njiani. Fuata mstari wa kebo kwa macho kutoka nguzoni, utazame mahali udongo umechimbuliwa upya au majani yametofautiana. Ukikuta kiungo cha wizi usikikate mwenyewe. Piga picha, mwite mwenyekiti, ripoti UEDCL. Sheria ya Umeme ya 1999 ilirekebishwa mwaka 2022 na adhabu za wizi wa umeme zikaongezwa sana. Wewe hutaki kukutwa umeshika waya huo mkononi wakati maswali yanaanza.

Ardhi imelowa wakati wa kiangazi, au majani yamekuwa kijani kwa mstari

Funga mifereji yote, pamoja na valvu ya tangi la juu na ya choo. Andika namba za mita ya maji, rudi baada ya nusu saa. Zikiwa zimesogea, ni bomba lako. Lita 10 kwa nusu saa zinaonekana kidogo, lakini kwa siku ni lita 480, yaani jirikeni 24, na bili unailipa wewe.

Mita ikitulia na ardhi bado imelowa, maji ni ya mtu mwingine. Chimba shimo dogo kwa mkono pembeni ya unyevu, uache maji yajikusanye, uyaangalie. Maji ya NWSC, shirika la taifa la maji na maji taka, yana klorini, na wanaotunza mabwawa ya kuogelea wana vidonge vya kuipima kwa bei nafuu. Klorini ikionekana, ni bomba la shirika au la jirani. Isipoonekana usikate shauri haraka, kwa sababu udongo hula klorini. Huenda ni maji ya septiki, au ni chemchemi tu. Chini ya vilima vya Kampala, karibu na mabonde kama Lubigi na Nakivubo, maji ya ardhini huchomoza yenyewe.

Kumjua jirani anayehusika, funga mita moja moja kwa idhini ya wenyewe na kutazama kama maji yanapungua. Kazi hii ifanywe usiku, watu wakiwa hawatumii maji. Katika miji midogo ambako maji yanaendeshwa na mamlaka za Umbrella badala ya NWSC, fundi wao wa eneo kwa kawaida hukumbuka kila kibomba kilikopita. Mtafute yeye kabla ya kuchimba zaidi.

Harufu

Ukisoma miongozo ya nje utakuta maonyo marefu kuhusu mabomba ya gesi ya kupikia chini ya ua. Sisi hatuna mtandao wa namna hiyo. Gesi yetu huja kwa mtungi. Harufu inayotoka ardhini hapa kwa kawaida ni ya maji taka. Nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka ya NWSC, kwa hiyo nje ya maeneo kama katikati ya jiji na Bugolobi, shuku kwanza septiki yako au ya jirani. Tia bluu ya kufulia kwenye choo cha nyumba unayoishuku, kwa ruhusa ya mwenyewe, na utazame kama rangi inatokea kwenye unyevu. Mizizi ya parachichi, fenesi na mtuba (mti wa nguo za magome) huingia kwenye viungo vya bomba ikifuata maji, kwa hiyo anza kuchimba upande wa mti.

Chemba yenye mfuniko ikionekana, usiingie wala usiinamishe kichwa ndani. Hewa yake huzimisha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa hufa pia.

Harufu ya petroli ni suala jingine kabisa. Zima kila moto, usichimbe, na uripoti, hasa kama kuna kituo cha mafuta upande wa juu wa mteremko.

Ardhi inadidimia kwa mstari mnyoofu

Huo ni mtaro wa zamani uliofukiwa bila kushindiliwa. Ufuate pande zote mbili hadi nje ya ua. Tafuta nguzo yenye kebo inayoshuka ndani ya bomba, mfuniko wa valvu, sanduku la mita, kiraka kirefu kwenye lami. Viwili kati ya vitu hivyo vikikaa kwenye mstari mmoja na mdidimio wako, umeshapata jibu bila kuchimba. Baada ya hapo chimba mitaro midogo ya majaribio inayokata mstari huo, kwa beleshi lililolazwa, bila sururu na bila mtaimbo. Wapima ardhi wengine wana kifaa cha kutambua kebo. Kifaa hicho ni kizuri, lakini hakioni bomba la plastiki, na kebo isiyobeba mzigo wakati huo inaweza kukipita.

Marekani mtu hupiga 811 kabla ya kuchimba, na wenye mabomba huja kuweka alama. Hapa unazunguka mwenyewe: UEDCL, NWSC, KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) au ofisi ya mji wako, na kampuni za intaneti zenye nyuzi kwenye barabara yenu. Nenda na nakala ya ramani ya kiwanja, barua iliyogongwa muhuri wa LC1, na uombe mtu aje kuonyesha mahali penyewe. Kwa msingi wa ghorofa ningesubiri hata kama inachosha.

"Nani aliwapa ruhusa ya kupitisha hapa?"

Kwanza hakikisha ni kwako. Ua nyingi zimesogezwa hadi kwenye hifadhi ya barabara, ambako mabomba na nyaya zilipangwa kupita. Mpima akikuonyesha mawe ya mipaka unaweza kugundua kwamba bomba lilikuwa mahali pake na ukuta ndio uliolifuata.

Likiwa ndani ya mipaka yako kweli, una haki. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka anayefanya kazi ya umma kwenye ardhi akubaliane na mwenye ardhi au anayeikalia. Mwenye kibanja, yaani anayeikalia ardhi iliyo na hati ya mwingine, naye anahesabika, si mwenye hati tu. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inadai fidia ya haki na ya kutosha, ilipwe kabla ya mali kuchukuliwa. Mwaka 2015, katika kesi ya UNRA (mamlaka ya barabara ya wakati huo) dhidi ya Irumba Asumani na Peter Magelah, Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu kilichoiruhusu serikali kuishika ardhi kabla ya kulipa.

Lakini kuna upande wa pili ambao wanunuzi hawauambiwi. Hati safi haimaanishi ardhi haina kitu. Sheria ya usajili wa hati inatambua haki za njia zilizokwisha kuwepo hata kama hazikuandikwa kwenye hati. Kwa hiyo kabla ya kulipa, pamoja na kupekua hati kwenye ofisi ya ardhi, tembea kiwanja na majirani wa pande zote na uwaulize maji yao yanapita wapi.

Anayenunua Hoima, Kikuube, Kakumiro, Kyotera au Rakai aulize pia kuhusu bomba la mafuta ghafi la EACOP, linalokwenda Tanga. Kati ya kilomita zake 1,443, kilomita 296 ziko Uganda, na njia yake ina upana wa mita 30. Mafuta yale ni mazito na lazima yapashwe moto, kwa hiyo kebo za umeme zinaambatana na bomba. Juu ya njia hiyo hakuna kujenga wala kupanda miti.

Ukitaka bomba au kebo ihamishwe, andika barua, ambatisha picha na vipimo, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Uliza gharama ni ya nani kabla kazi haijaanza. Na kama ni kibomba cha jirani, mkae chini na mwenyekiti, mwandikiane. Kumkatia maji mzee wa watu kwa hasira kunazaa kesi ambayo bomba la mita chache lisingeizaa.

Kufukia

Kilicho chako kilalie mchanga wa sentimita 10 chini na 10 juu, usio na mawe. Bomba lijaribiwe kwa maji kabla halijafunikwa. Utepe wa onyo utandazwe kama sentimita 30 juu ya kebo, kisha udongo urudishwe kwa tabaka na kila tabaka lishindiliwe. Kabla ya kufukia piga picha ukiwa umelaza futi kamba kando, na uchore mstari wote kwenye karatasi. Kila pindo lipimwe kutoka kona mbili za nyumba. Usipime kutoka kwenye ua wa miti wala shina la mwembe, kwa sababu ua huhamishwa na mti hukatwa.